Ripoti imeandika p16 chanya, masikio yanavuma, na mi nimehama chumba

SWALI

Anti shikamoo. Mi msomaji wako wa siku nyingi huku Mbagala, kawaida nasoma za wenzangu nacheka au nasikitika naendelea na shughuli zangu, ila hili limenizidi na sina wa kumwambia, maana nikimwambia dada angu leo kesho ukoo mzima wanalo.

Mume wangu ana miaka 54, tumeoana 2003, watoto watatu, wa mwisho ni binti wa miaka 12. Mwaka jana mwishoni alianza kulalamika koo linamkera upande wa kulia, akimeza anasema kama kuna mwiba wa samaki, tukahangaika na asali na tangawizi na antibaotiki za duka la dawa, mara akatoka uvimbe shingoni chini ya taya na wala hauumi. Kuja kupelekwa kwa daktari wa koo akakatwa nyama ya kipimo, majibu kansa, iko kwenye tonsili na imefika kwenye tezi za shingo. Akapangiwa mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa wiki saba, pamoja na dripu ya kemo, dawa ya kansa inaitwa sisplatini, kila baada ya wiki tatu, jumla dripu tatu. Mpaka sasa kashapata mbili, ya tatu ni Jumatatu ijayo, mionzi imebaki wiki hii na ijayo basi.

Sasa Anti kilichonichanganya ni ile karatasi ya maabara. Imeandikwa p16 chanya, zaidi ya asilimia 70. Mi sikuelewa nikampa binamu yangu anayesomea udaktari mwaka wa pili, akasoma akanyamaza, alafu akasema hiyo maana yake ni kirusi cha HPV, kile kinachopatikana kwenye mapenzi. Nikahisi miguu imeisha nguvu. Yani miaka yote hii nimekaa ndani natunza nyumba na mwenzangu alikuwa na mambo yake mpaka kaleta ugonjwa? Na jirani nilivyomdokeza kidogo tu akaniambia HPV na HIV ni kitu kimoja wamebadilisha herufi. Nimehamia chumba cha watoto. Yeye sijamwambia kwanini, mtu anaumwa nitaanzia wapi, lakini hata uji nikimpelekea naweka mezani naondoka.

Jingine, mwenzangu siku hizi kama kaamua kunidharau. Namwita mara tatu haitiki. Simu yake ikiingia meseji hasikii. Binti akiongea naye anaitikia vitu ambavyo hata hakuulizwa, lakini akija kaka yake na lile sauti lake zito wanaongea vizuri tu, ndo nikajua ni mimi na mwanangu ndo hatutaki. Juzi ndo kasema masikio yanavuma ‘tiiiii’ usiku kucha, toka siku chache baada ya dripu ya pili. Hospitali walikuwa na foleni kubwa akaona aibu kusema, anadhani ni udhaifu wa mwili tu. Kabla ya hapo alipata homa usiku, kesho yake akaenda pale mtaani akachomwa sindano za antibaotiki, jenta, siku tatu, homa ikaisha.

Alafu huyo kaka yake, shemeji yangu, kasoma sijui wapi kwamba p16 chanya inapona hata kwa dawa kidogo, kwahiyo anamshauri asiende tena, dripu ya tatu aache na mionzi iliyobaki aache, kwanini ajiue masikio bure. Na mume wangu anamsikiliza kuliko mimi. Je ni kweli? Na huyu binti yangu je, hicho kirusi hawezi kukipata kwa kuishi nyumba moja na baba yake?

Naomba unijibu kabla ya Jumatatu.

Mama wa Mbagala

JIBU

Marahaba mdogo wangu, poleni sana wewe na mzee. Umelitanguliza la ndoa ukaliweka la masikio katikati, mi naanza na masikio maana ndo lenye tarehe. La ndoa litasubiri.

Wanaonifahamu wanajua kabla ya kalamu nilikuwa nesi, tena wodi ya koo, pua na masikio, kwahiyo hapa siongei ya kusikia. Mume wako hakudharau. Mume wako hasikii. Na jinsi ulivyoandika, kwamba sauti zito ya kaka yake anaipata lakini yako na ya binti inampita, na mlio wa meseji haupati, hiyo ndo sura yenyewe ya masikio yaliyoguswa na sisplatini. Hata ungeniandikia mstari huo mmoja tu ningekuuliza anatumia dripu gani.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinaitwa koklea, na humo kuna seli zenye vinywele vidogo sana, zile za nje peke yake ni kama 12,000 kila sikio, na zimejipanga kwa sauti: za mlangoni zinashika sauti nyembamba, za ndani kabisa zinashika nzito. Sisplatini ikiingia inaanza kuua za mlangoni. Ndo maana mtu anabaki anasikia ngurumo, anasikia lori, anasikia kaka mtu, lakini ‘s’ na ‘sh’ na ‘f’ na ‘th’ zinapotea, sauti za wanawake na watoto zinakuwa kama mtu anaongea na shuka mdomoni, kelele zikiwepo ndo kabisa. Anasikia kwamba unaongea ila hapati maneno. Kwahiyo anajibu kwa kubahatisha, na ukimuuliza mara ya tatu anachoka ananyamaza. Na huo mvumo wa ‘tiiiii’ ni sehemu ya hilohilo, wengi unawaanza kabla hawajajua kwamba usikivu umepungua.

Sasa ubaya wa hizo seli, binadamu zikifa hazioti tena. Na sisplatini haina haraka ya kutoka humo ndani, watafiti walishaonyesha 2017 kwamba inabaki kwenye koklea miezi na hata miaka baada ya matibabu kuisha, wakati sehemu nyingine za mwili zimeshajisafisha. Kwahiyo kilichopotea tunaweza kukisaidia kwa kifaa, lakini kilichobaki ndo cha kukilinda, na kinalindwa kabla ya dripu, dripu ikishaingia hakuna wa kuitoa.

Ndo maana nasema usisubiri Jumatatu. Kesho, mionzi si anaenda kila siku? Basi kesho hiyohiyo mkifika msikae kwenye foleni mkanyamaza, mwambie nesi wa kliniki au yule fundi wa mionzi maneno haya, masikio yanavuma na hasikii vizuri toka dripu ya pili na ya tatu ni wiki ijayo, tunaomba daktari ajue kabla. Iingie kwenye faili. Aibu ya kusema masikio yanavuma sijawahi kuielewa jamani, mtu anafunuliwa mdomo na madaktari sita anaona sawa, kusema sikio linalia anaona anasumbua watu.

Watakachofanya ni kipimo cha usikivu, unakaa kwenye kachumba kametulia unavaa hedifoni unabonyeza ukisikia mlio. Kama walimpima kabla hajaanza dripu watalinganisha, kama hawakumpima basi hicho cha sasa ndo kiwe cha kuanzia. Muombe wapime na sauti za juu sana kama mashine inaweza, maana huko ndo madhara yanaanzia kabla hayajashuka kwenye maongezi. Na waangalie sikio lenyewe kwa taa, hili watu wanalisahau: mionzi ya koo inaweza kuvimbisha kale kanjia kanakotoka sikioni kuja kooni, maji yakajaa nyuma ya ngoma, au ni nta tu imeziba. Hizo zinatibika. Kwahiyo inawezekana mzee ana vyote viwili, cha kudumu na cha kutibika, na huwezi kujua ukiwa umekaa Mbagala.

Wapime na figo. Hapa naomba nikugombeze kidogo, au nimgombeze mzee. Ile jenta. Jentamisini nayo inaua seli zilezile za sikio, na inachosha figo zilezile ambazo ndo zinatakiwa kuitoa sisplatini mwilini. Moja peke yake ina hatari zake, zikikutana hatari inazidi. Simlaumu aliyemchoma, pengine hakuambiwa kwamba huyu yuko kwenye kemo. Lakini toka leo mzee akienda popote, hata duka la dawa kununua panado, neno la kwanza awe anasema ‘natumia sisplatini’. Jenta, streptomisini, kanamisini, zile dawa za kukojoza kama lasiksi, kwinini ya dripu, diklofenaki na brufeni za kila siku, zote hizo asiguse mpaka daktari wake wa kansa aseme. Alafu homa kwa mtu wa kemo haipelekwi mtaani. Ikifika 38 ni hospitali usikuusiku, maana kinga inaweza kuwa imeshuka na mtu anaondoka huku mnasubiri kupambazuke.

Haya, shemeji. Shemeji kasoma kitu cha kweli akatoa jibu la uongo, na hao ndo wabaya kuliko ambao hawajasoma kabisa.

p16 ni nini. Binamu yako amekurahisishia mno, p16 sio kirusi. Ni protini ya mwili wenyewe, kila mtu anayo, kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Sasa kirusi cha HPV kikiingia kwenye seli ya tonsili kinatoa kitu kinaitwa E7 ambacho kinavuruga protini nyingine inaitwa Rb, na Rb ndo ilikuwa inapokea amri ya p16. Ni kama dereva anakanyaga breki wakati paipu ya breki imekatwa, gari haisimami, anakanyaga zaidi, haisimami, anakanyaga mpaka mguu unagusa chini. Huo mguu ndo maabara wanauona. Wakipaka rangi ile nyama wakakuta seli asilimia 70 au zaidi zimejaa p16 kwa nguvu, wanaandika chanya. Yani wanaona alama ya mwizi, mwizi mwenyewe hawajamwona.

Na ni kweli kwamba kansa ya sehemu hiyo, tonsili na shina la ulimi, ikiwa imeletwa na HPV inasikia dawa kuliko ile ya sigara na pombe. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2010, wenye HPV waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 82, wasio nayo asilimia 57. Tofauti kubwa mno. Mpaka mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za kansa, toleo la nane, ukaamua wenye p16 wapangwe peke yao, tezi za shingo ambazo zamani zilimpeleka mtu hatua ya nne leo mwenye p16 anaweza kuwa hatua ya kwanza. Kwahiyo hapo mshukuru Mungu, karatasi uliyoilia ndo habari nzuri kuliko zote mlizopata toka mwaka jana.

Lakini wale asilimia 82 walipona baada ya kutibiwa. Walipigwa mionzi na wakapewa hiyohiyo sisplatini, dozi kubwa. Hakuna kwenye ule utafiti mtu aliyekaa nyumbani akapona kwa sababu ya p16. Na hoja ya shemeji, kwamba hawa wanapona kirahisi kwanini tusiwapunguzie sumu, madaktari wenyewe waliiwaza siku nyingi, wakaijaribu kwa heshima zote. Wakachukua wagonjwa wa HPV, nusu wakabaki na sisplatini, nusu wakapewa dawa nyingine inaitwa setuksimabu waliyotegemea itakuwa laini kwa masikio na figo. Majibu ya tafiti mbili yakatoka 2018, moja ya Ulaya na moja ya Marekani. Waliobadilishiwa ndo waliokufa zaidi. Kwenye ule wa Ulaya baada ya miaka miwili waliokuwa hai upande wa sisplatini ni asilimia 97, upande wa pili 89. Mwambie shemeji hiyo, tena mwambie kwa upole maana naona nia yake ni ndugu yake apone.

Na kuna jingine kuhusu p16 ambalo kwa huku kwetu nalipa uzito. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wenye p16 chanya akipimwa kirusi chenyewe hakutwi nacho, na kwenye nchi ambazo HPV sio chanzo kikubwa cha kansa ya koo hao wanaongezeka. Watu wa aina hiyo matokeo yao yanakaa katikati, sio mazuri kama ya wenye vyote viwili. Sigara nayo inapunguza ile faida, ukishavuta sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka kumi hesabu inabadilika. Hukuniambia kama mzee anavuta. Kama anavuta aache leo, sio baada ya dripu. Na kama maabara inaweza kupima HPV yenyewe kwenye ile nyama iliyobaki, muulize daktari, kipande huwa kinahifadhiwa, hakuna haja ya kumkata tena.

Wale wengine mnaosoma hapa mna wagonjwa wa kansa ya sanduku la sauti, msikimbilie kuuliza p16, huko haina uzito huo. Ya nyuma ya pua nayo ina kirusi chake kingine, EBV, hiyo wanaifuatilia kwenye damu. Na PD-L1, alama nyingine mnayoiona kwenye ripoti, ni ya kuamua dawa za kuamsha kinga ya mwili, zaidi kwa kansa iliyorudi au iliyosambaa, sio ya mzee huyu.

Turudi kwenye dripu ya tatu, maana hapa shemeji anaweza kushinda kwa bahati. Dozi kubwa ya wiki tatutatu ni miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mbili ni 200, na madaktari wengi wa kansa ya koo wanaichukulia 200 kama kiwango cha kutosha ambacho wanapambana mgonjwa afikie. Kama mzee alipewa dozi kamili mara zote mbili basi keshafika. Kwahiyo inawezekana kabisa daktari akiona kipimo cha masikio na figo akasema ya tatu tunaacha, au tunaweka karboplatini ambayo masikioni ni afadhali ingawa kwa kansa hii haina ushahidi wa kutosha kama mwenzake, au tunapunguza. Wakati mwingine atasema hapana, uvimbe wako unataka zote tatu, tuendelee. Yote hayo ni maamuzi halali ila yanatoka kwa mtu aliyeshika faili, ameona majibu, anajua imebaki nini. Kuacha kwa kupanga na kutoroka sio kitu kimoja.

Ila mionzi, hapana. Hiyo haina mjadala. Mionzi ndo inayobeba matibabu haya, dripu ni ya kuisaidia. Imepangwa 35 kwa wiki saba kwa sababu maalum, ukiruka siku seli za kansa zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaana upya na nguvu ya matibabu inapungua. Keshavuka nyingi, koo limeungua, ladha hana, mate hamna, naelewa kabisa mtu kutaka kuishia hapo. Lakini amebakiza wiki hii na ijayo. Kama tatizo ni nauli au mvua au mwili kuishiwa nguvu waambieni palepale, kuna wakati wanamlaza mtu amalizie.

Utasikia pia kuna dawa ya kukinga masikio. Ipo, sodiamu thayosalfeti, Marekani waliipitisha 2022, inatolewa saa sita baada ya sisplatini. Ila waliipitisha kwa watoto wenye uvimbe ambao haujasambaa, sio kwa mzee wa miaka 54 aliye katikati ya mionzi, kuna hofu isije ikailinda na kansa pia. Usihangaike kuitafuta Kariakoo. Na mafuta ya kitunguu saumu sikioni hapana, seli zilizokufa ziko ndani kwenye mfupa, mafuta hayafiki huko, yatakuletea fangasi tu.

Nyumbani zima tivii kwanza ndo umsemeshe. Mkae uso kwa uso akuone mdomo, ongea taratibu, usipige kelele maana ukipiga kelele unaongeza zile nzito ambazo anazo tayari. Badala ya kurudia sentensi ileile mara tatu, ibadilishe maneno. Usiku mvumo ukimzidi mwekee feni au redio ya chini sana, kimya kabisa ndo kinaukuza. Kwenye zile spika za singeli za mtaani asikae. Matibabu yakiisha apimwe tena, na arudi kupimwa baadae maana madhara yanaweza kuendelea kujitokeza miezi mbele. Kama imebaki pengo, kifaa cha usikivu kinasaidia, Muhimbili wana kliniki, mpaka upasuaji wa kupandikiza vifaa walishaanza toka 2017 ingawa yeye kwa unavyonieleza hajafika huko.

Haya sasa, kitanda.

HPV sio HIV. Jirani yako mwambie hivyo na umwambie asirudie kwa mtu mwingine. HPV ni familia ya virusi zaidi ya mia, vingi ni vya chunjua tu, kinachosumbua koo zaidi ni namba 16. Na ni kirusi cha kawaida kupita kiasi, karibu kila mtu aliyewahi kukutana na mtu kimwili amekipata siku moja, wewe, mimi, jirani, na wengi mwili unakifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja miwili bila hata kujua. Kwa wachache kinabaki kimejificha, na mpaka kije kilete kansa inapita miaka mingi, mara nyingi makumi ya miaka. Mzee ana 54. Rudisha nyuma utajikuta kabla ya 2003, kabla hajakuona. Inawezekana alikipata akiwa kijana. Inawezekana, na usinune, alikipata kwako bila wewe kujua unacho. Inawezekana pia kweli alitoka nje. Ile karatasi haiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo, na hakuna daktari anayeweza kukwambia. Kama una sababu nyingine za kumshuku hizo ni zako, zishughulikie kwa wakati wake, lakini p16 usiiweke kwenye ushahidi.

Na fikiria upande wake. Mwanaume hasikii, koo linawaka, mke kahama chumba, uji unawekwa mezani anaona mgongo. Hajui kama umenuna. Na kwa masikio hayo hata ungekuwa unasonya hajasikia. Pengine anaamini umemkimbia kwa sababu ya kansa, na mtu akishaamini hivyo ndo anapomsikiliza kaka yake anayemwambia acha dripu. Usiku wa leo rudi chumbani, kaa upande ambao taa inakupiga usoni, umweleze hilo la binamu na karatasi mwanzo mpaka mwisho. Atakasirika kidogo. Vumilia, nawe ulikasirika.

Wewe mwenyewe kipimo cha koo cha kutafuta HPV hakipo cha kukufaa, usitapeliwe. Unachotakiwa ni kile ambacho mwanamke yeyote wa rika lako anatakiwa, uchunguzi wa mlango wa kizazi, vituo vingi vya afya wanafanya, hospitali ya kansa ya Ocean Road wanafanya, dakika chache unavaa unaondoka. Kama hujawahi, siku moja ukimsindikiza mzee pitia.

Binti hapati kitu kwa kula na baba yake, kunywea kikombe chake, wala kukumbatiwa naye, acheni watoto wamsogelee. Ila ana miaka 12, na chanjo ya HPV Tanzania ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, toka 2024 wanachoma kuanzia miaka 9 mpaka 14, sindano moja tu, bure. Uliza shuleni kwao kama alichomwa, wakati mwingine mtoto anachomwa kadi inapotelea kwenye begi. Kama bado mpeleke kituo cha afya cha karibu, hata Jumamosi hii.